China kwa macho ya marafiki wanne wa Marekani: Ufilipino, Korea Kusini, Australia na Japani, msimamo upi una mantiki?

Stori ya China na Marekani ikianza tu lazima watu wagawanyike makundi matatu. Kuna wanaosema nchi yenye akili ni ile inayomkazia Mchina bila kupepesa macho, kuna wanaosema achana na siasa piga biashara zako, halafu kuna wale wa chukua huku chukua kule. Na kila kundi lina nchi yake ya mfano, huyu anakutajia Australia, yule Korea Kusini, mwingine anakurushia jina la Duterte, rais wa zamani wa Ufilipino, kana kwamba Ufilipino ilianza na kuishia kwake. Shida ni kwamba mara nyingi mtu kaokota tukio moja tu akaligeuza kuwa msimamo wa nchi nzima.

Sasa hapa nimewapanga wanne bega kwa bega. Wote wana mkataba wa ulinzi na Marekani, Ufilipino, Australia na Japani walisaini 1951, Korea Kusini 1953, yaani kwenye karatasi ni timu moja. Na raia wao hawapishani sana kuhusu China, kura ya maoni ya Pew, shirika la utafiti la Marekani, ya 2022 ilikuta asilimia 87 ya Wajapani, 86 ya Waaustralia na 80 ya Wakorea Kusini hawaioni China vizuri (Ufilipino hawakuwemo kwenye hesabu hiyo). Ukisoma namba hizo peke yake utasema basi serikali zao zitafanya mambo yaleyale. Hazifanyi, na hapo ndo penye utamu.

Taiwan nimeiacha makusudi maana yenyewe ndo kiini cha ugomvi na haina mkataba wa aina hii, na India hana mkataba na Marekani, ni rafiki wa shughuli tu.

Tunapima kwa nini

Vigezo ni vitano na kila nchi inapita humohumo. Kwanza umbali, meli ya China inafika mlangoni kwako kwa muda gani na kuna kipande cha bahari mnachogombania au hakuna. Pili biashara, na hapa usiangalie ukubwa tu, angalia nani akikata nani analia. Tatu historia na kama una adui mwingine pembeni. Nne, siku China ilipokasirika ilifanya nini na mwenzetu alijibuje, hiki ndo kigezo ninachokiamini kuliko vyote, maana hotuba kila mtu anaweza kutoa. Tano, rais au waziri mkuu akibadilika msimamo unabaki au unahama naye.

Ufilipino

*Umbali.* Hawa ndo wenye kesi mbichi kuliko wote. Mwamba wa Scarborough uko kama kilomita 220 kutoka kisiwa cha Luzon, ni sehemu ambayo wavuvi wa mkoa wa Zambales wamekuwa wakienda miaka yote, na tangu 2012 China ndo imeishikilia. Kuna pengine panaitwa Second Thomas, wenyewe wanapaita Ayungin, na hapo kuna kituko cha aina yake: meli ya kivita iliyotengenezwa Marekani 1944, inaitwa Sierra Madre, Wafilipino waliikwamisha juu ya mwamba kwa makusudi mwaka 1999, miaka michache baada ya China kuchukua mwamba wa jirani unaoitwa Mischief. Mpaka leo iko pale, kutu imeila mpaka ina matundu, na ndani wanaishi wanajeshi wachache wanaosubiri boti ya chakula na maji. Hiyo ndo kambi yenyewe. Mpaka katikati ya 2024 boti ya chakula ikienda mara nyingi China walituma meli kuizuia, mara maji ya presha, mara kugongana.

*Biashara.* China ndo wanaiuzia Ufilipino bidhaa nyingi kuliko nchi yoyote, na nikeli ya Ufilipino kwa sehemu kubwa inaenda China. Ila kwenye mauzo ya nje hawajawekwa mfukoni na mteja mmoja, Marekani na Japani nao wananunua sana.

*Historia.* Marekani iliwatawala kuanzia 1898 mpaka 1946, kwahiyo usidhani kila Mfilipino anaipenda. Mwaka 1991 Seneti yao ilikataa mkataba wa kambi za kijeshi, na mwaka uliofuata Mmarekani akafungasha virago kwenye kambi yake ya Subic. Mischief ilichukuliwa 1995. Kuna watu kule wanaunganisha matukio hayo mawili moja kwa moja na sioni kwa nini wasiunganishe.

*China ilipokasirika.* Mwaka 2012 ilikuwa ndizi. Ghafla wakaguzi wa bandari za China wakaanza kuona wadudu kwenye ndizi za Ufilipino, makontena yakakaa mpaka mzigo ukaoza. Miaka ya karibuni wameacha ndizi, ni mabavu moja kwa moja: tarehe 17 Juni 2024 pale Ayungin walinzi wa pwani wa China walikuja na boti ndogo wakiwa na visu na shoka, wakagonga boti za Ufilipino, wakatoboa, na askari mmoja wa majini wa Ufilipino akakatika kidole gumba. Mwezi uliofuata pande mbili zikakubaliana utaratibu wa kupeleka chakula kwenye ile meli. Kwahiyo hata hawa wanaoonekana wakali kuliko wote simu hawajakata.

Jibu lao lingine ni kamera. Tangu 2023 wanapandisha waandishi wa habari kwenye meli za walinzi wa pwani, tukio likitokea asubuhi jioni dunia nzima imeona video. Haimwondoi Mchina pale lakini inamuondolea raha ya kusema hakuna kilichotokea. Agosti 2025 meli mbili za China ziligongana zenyewe kwa zenyewe karibu na Scarborough zikiifukuza meli ya Ufilipino, na ilirekodiwa, huo mchezo wa kamera siku hiyo ulilipa.

*Kiongozi akibadilika.* Hapa ndo wanapofeli, na ndo maana kila mbishi anaweza kuokota Ufilipino anayoitaka. Rais Benigno Aquino aliwapeleka China mahakama ya usuluhishi The Hague 2013. Hukumu ikatoka tarehe 12 Julai 2016, Ufilipino kashinda karibu kila hoja, ila Duterte alikuwa ameapishwa wiki mbili nyuma tu na akaiweka hukumu kabatini. Oktoba hiyohiyo akasimama Beijing akatangaza anatengana na Marekani, akarudi na ahadi za dola bilioni 24. Nyingi hazikuonekana. Mwaka 2020 akaandika barua ya kuvunja mkataba unaoruhusu wanajeshi wa Marekani kuingia nchini, 2021 China wakajaza meli zaidi ya mia mbili kwenye mwamba mwingine wanaogombania, Whitsun, na Julai mwaka huohuo Duterte mwenyewe akaifuta barua yake. Kisha akaja rais Marcos Mdogo, Januari 2023 yuko Beijing anapeana mikono na Xi, rais wa China, Februari anatangaza kambi nne zaidi ambazo Wamarekani wanaweza kutumia, jumla zikawa tisa. Uchaguzi ni 2028 na makamu wa rais anaitwa Sara Duterte, mtoto wa mzee yuleyule, sasa wewe jaza mwenyewe.

*Mfano huu unamfaa nani.* Mtu anayetaka kuelewa nchi isiyo na nguvu inawezaje kupigania haki yake kwa sheria na kwa aibu ya hadharani. Haumfai anayetafuta mfano wa msimamo unaodumu. Na kumbuka fimbo ya mbali haiui nyoka, Marekani ina mkataba nao lakini anayemwagiwa maji ya presha kila wiki ni yule mvuvi wa Zambales.

Korea Kusini

*Umbali.* China iko ng'ambo ya Bahari ya Njano tu. Kuna eneo la bahari hawajamaliza kugawana, na miaka ya karibuni China imeweka humo miundo mikubwa ya vyuma ikisema ni ya kufugia samaki, Seoul inalalamika ila kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ina sababu yake nakuja hapo.

*Biashara.* Kwa miaka mingi karibu robo ya mauzo yao ya nje ilikuwa inaenda China, siku hizi imeshuka ikakaribia asilimia 20. Samsung ana kiwanda cha chipu Xi'an, SK hynix anacho Wuxi, ni majengo na mitambo ambayo huwezi kuibeba ukaondoka nayo mkiudhiana. Na kwenye uagizaji ndo balaa. Oktoba 2021 China ilibana uuzaji nje wa yurea (kemikali ya mbolea, ambayo pia huchanganywa na maji na kutiwa kwenye malori ya dizeli kupunguza moshi mchafu) ili mbolea iwatoshe wenyewe, hata haikuwa imeilenga Korea, lakini Korea ilikuwa inaagiza karibu yurea yake yote ya viwandani kutoka China na bila hiyo kitu malori ya kisasa ya dizeli hayawaki. Foleni kwenye vituo vya mafuta, bei juu, mpaka serikali ikatuma ndege ya jeshi Australia kuchukua lita 27,000. Ndege ya kijeshi, kwa ajili ya maji ya malori! Hilo tukio nadhani limewafundisha zaidi kuliko hotuba zote za Washington.

*Historia na adui mwingine.* Adui namba moja wa Seoul sio China, ni Pyongyang, yaani Korea Kaskazini, na mpaka uko kama kilomita 50 kutoka mjini. China iliingia vita vya Korea Oktoba 1950 upande wa Kaskazini, ndo maana nchi imebaki vipande viwili, halafu leo ukitaka mtu wa kumtuliza Kim unampigia nani? Haohao Wachina. Kwahiyo kila serikali ya Seoul hata iwe ya mrengo gani inajua ikimuudhi sana Beijing inapoteza mtu wa kumtuma. Pembeni ya hapo kuna Japani iliyowatawala 1910 mpaka 1945, ukimwambia Mkorea aungane na Japani dhidi ya China lazima kwanza ameze mate.

*China ilipokasirika.* THAAD. Julai 2016 Seoul ilikubali Marekani waweke mfumo wa kuzuia makombora, wakisema ni wa Korea Kaskazini, China wakasema rada yake inachungulia mpaka kwetu. Kampuni ya Lotte ikatoa uwanja wake wa gofu kule Seongju uwekwe mfumo, na hapo Lotte akawa kajichongea, maduka yake kadhaa ya Lotte Mart ndani ya China yakafungwa moja baada ya jingine, sababu rasmi usalama wa moto. Machi 2017 mawakala wa China wakaacha kuuza safari za makundi kwenda Korea, watalii wa Kichina wakashuka kutoka zaidi ya milioni 8 mwaka 2016 hadi kama milioni 4 mwaka uliofuata. Tamthilia na wanamuziki wa Korea nao wakapotea kwenye TV za China, na hakuna karatasi yoyote iliyosema wamepigwa marufuku.

Seoul ilijibuje? Oktoba 2017 ikasema hatutaongeza THAAD nyingine, hatujiungi na mtandao wa Marekani wa kuzuia makombora, na hatufanyi ushirika wa kijeshi wa watatu na Japani. Lakini zingatia, THAAD yenyewe haikung'olewa, ipo Seongju mpaka kesho. Walitoa maneno wakabaki na chuma. Kuna wanaoita hiyo kupiga magoti na kuna wanaoita ujanja, mimi niko karibu zaidi na hao wa pili ila naelewa kwa nini Lotte hawezi kukubaliana na mimi.

*Kiongozi akibadilika.* Sauti inabadilika sana, vitendo kidogo. Rais Park Geun-hye wa mrengo wa kulia alisimama Tiananmen, Beijing, Septemba 2015 kwenye gwaride na Xi na Putin, na hata mwaka mmoja haujapita ndo huyohuyo kakubali THAAD. Rais Yoon alikwenda Camp David, Marekani, Agosti 2023 kukaa na Biden na waziri mkuu wa Japani Kishida, alionekana mkali kweli, ila Agosti 2022 Nancy Pelosi, wakati huo spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani, alipopita Seoul akitokea Taiwan Yoon alikuwa likizo nyumbani mjini hapohapo akaishia kumpigia simu. Lee Jae-myung aliyeshinda Juni 2025 anaongea lugha laini zaidi kwa China, na mwaka huohuo Xi akaja Korea kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11.

*Mfano huu unamfaa nani.* Anayetaka kuona mguu ndani mguu nje unafanyikaje kwa mahesabu. Haumfai anayetaka kujivunia kitu.

Australia

*Umbali.* Mbali kuliko wote, haina mwamba wala kisiwa inachogombania na China. Ila Februari 2025 meli za kivita za China zilifanya mazoezi ya risasi za moto kwenye bahari ya Tasman, kati ya Australia na New Zealand, ndege za abiria zikalazimika kukwepa, kisha zikaizunguka nchi. Kisheria hawajakosea, ni bahari kuu, ila ujumbe ulifika.

*Biashara.* Kama theluthi ya mauzo yao ya nje inaenda China. Hapo unasema basi hawa wamekwisha, lakini angalia kinachouzwa: zaidi ya asilimia 80 ya madini ya chuma ya Australia yanaenda kwenye viwanda vya China, na China haina kwingine pa kupata mzigo wa kiasi kile kwa haraka. Mteja ameshikwa na muuzaji ameshikwa.

*Historia.* Hakuna vita vya kuvamiwa na China, hakuna adui jirani. Wasiwasi wao ulianzia ndani, pesa za wafadhili kwenye vyama vya siasa na vyuo vikuu, ndo zikazaa sheria za 2018 dhidi ya uingiliaji wa kigeni. Mwaka huohuo wakaizuia Huawei kwenye mtandao wa 5G kabla nchi nyingi hazijawaza. Na bado, ni haohao bandari ya Darwin ilikodishwa 2015 kwa kampuni ya Kichina kwa miaka 99, kwenye mji ambao wanajeshi wa Marekani wanafanyia mazoezi kila mwaka! Sasa serikali inatafuta namna ya kuirudisha.

*China ilipokasirika.* Aprili 2020 serikali ya Australia iliomba uchunguzi huru kuhusu chanzo cha korona. Mei shayiri ikapigwa ushuru wa asilimia 80.5, baadaye mvinyo ukafika mpaka 218, makaa ya mawe yakazuiwa, nyama ya baadhi ya machinjio, mbao, na kamba kochi wakakwama uwanja wa ndege wa Shanghai wakiwa hai (ghafla Hong Kong wakaanza kuagiza kamba kochi wengi kuliko kawaida yao, kila mtu alielewa wanaelekea wapi). Novemba 2020 ubalozi wa China ukawapa waandishi wa Australia karatasi yenye malalamiko 14.

Australia haikukubali hata moja. Madini ya chuma hayakuguswa na Mei 2021 tani moja ilipita dola 200, yaani serikali ilikuwa inaadhibiwa huku inavuna. Shayiri ikapata njia Saudi Arabia na Mexico, makaa yakaenda India na Japani. Walioumia kweli ni wakulima wa zabibu na wavuvi wa kamba kochi, hao hawakuwa na Mexico ya kukimbilia, na ukisikia mtu anasema Australia ilishinda muulize imeshinda kwa mfuko wa nani. Septemba 2021 wakaingia AUKUS, mpango wa nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia pamoja na Marekani na Uingereza.

*Kiongozi akibadilika.* Hapa wanawazidi wenzao. Waziri mkuu Albanese alipoingia Mei 2022 alishusha sauti, mawaziri wakaacha kurushiana maneno, Novemba 2023 akaenda Beijing, wa kwanza kwa waziri mkuu wao tangu 2016. Ushuru wa shayiri ukatoka Agosti 2023, mvinyo Machi 2024, kamba kochi mwisho wa 2024. Lakini Huawei bado haiko, sheria zipo, AUKUS ipo. Huyu anauma huku anapuliza. Wapinzani wa AUKUS nao wapo, na wazito, waziri mkuu wa zamani Paul Keating anaipiga mawe kila akipata kipaza sauti.

*Mfano huu unamfaa nani.* Anayeuza kitu ambacho mkubwa hawezi kukosa. Usipokuwa na hicho kitu usijidanganye kuwa utasimama kama Australia.

Japani

*Umbali.* Kisiwa cha Yonaguni kiko kilomita kama 110 kutoka Taiwan, tangu 2016 kina kambi ya jeshi la Japani. Visiwa vya Senkaku, China inaviita Diaoyu, havina mtu, na meli za walinzi wa pwani wa China zinazunguka hapo karibu kila siku ya mwaka.

*Biashara.* China ndo mshirika wao mkubwa wa biashara na viwanda vya Kijapani vimejaa kule.

*Historia.* Hapa mzigo uko kwao. Japani ndo iliivamia China miaka ya 30, kwahiyo Beijing ina hoja ambayo haina dhidi ya wale wengine watatu, na kila kiongozi wa Tokyo akienda hekalu la Yasukuni, wanapokumbukwa wanajeshi wao waliokufa vitani wakiwemo wahalifu wa kivita, hoja inaamka upya. Pia kuna kambi za Marekani zenye wanajeshi zaidi ya 50,000, wengi Okinawa, na watu wa Okinawa wenyewe hawajawahi kuufurahia mzigo huo.

*China ilipokasirika.* Septemba 2010 meli ya uvuvi ya Kichina iligonga meli za walinzi wa pwani wa Japani, nahodha akakamatwa, na madini adimu (yale ya kutengenezea sumaku na vifaa vya elektroniki) yakaacha kufika Japani. Wakamwachia nahodha. Halafu wakafanya jambo ambalo halina kelele: wakaweka pesa kwenye kampuni ya Lynas ya Australia, wakajaza akiba, wakatafuta teknolojia inayotumia madini hayo kidogo, utegemezi wao kwa China ukashuka kutoka karibu asilimia 90 hadi karibu 60. Bado ni mkubwa, na imechukua zaidi ya muongo mmoja, lakini ni kazi ambayo wengine wameanza kuifikiria juzi. Mwaka 2012 serikali ikanunua visiwa vitatu vya Senkaku, magari ya Kijapani yakavunjwa vioo mitaani China. 2023 yakaja maji ya Fukushima, China ikazuia mazao yote ya bahari. Na Novemba 2025 waziri mkuu mpya Takaichi akasema bungeni kwamba China ikitumia nguvu Taiwan hali hiyo inaweza kuwa tishio kwa uhai wa Japani, maana yake jeshi linaweza kuingia, basi ndani ya siku chache China ikawaambia raia wake wasisafiri kwenda Japani. Hakufuta kauli.

*Kiongozi akibadilika.* Chama kimoja, LDP, kimetawala karibu muda wote tangu 1955, kwahiyo mambo yanasogea polepole upande mmoja. Hata waziri mkuu Abe ambaye China walimwona kichwa ngumu alikwenda Beijing 2018. Desemba 2022 Kishida, mtu mpole wa sura, ndo aliyepitisha mpango wa kufikisha bajeti ya ulinzi asilimia 2 ya pato la taifa ifikapo 2027.

*Mfano huu unamfaa nani.* Mwenye pesa na subira. Ni msimamo wa gharama kubwa, nchi nyingi hazina hizo hela.

Kitu kinachowasumbua wote wanne

Mwaka 2025 Trump aliwapiga ushuru wote bila kuangalia mkataba wa nani wa mwaka gani, Japani na Korea Kusini asilimia 15, Ufilipino 19, Australia 10. Septemba maafisa wa uhamiaji wakavamia mradi wa kiwanda cha Hyundai na LG jimbo la Georgia wakakamata Wakorea zaidi ya 300, watu waliokwenda kujenga kiwanda ambacho Marekani yenyewe ilikiomba. Kwahiyo ukipima msimamo wa nchi kwa China pima pia inamwamini kiasi gani huyu wa upande wa pili. Ndo maana Japani na Ufilipino wamesaini mkataba wao wenyewe wa majeshi kutembeleana, umeanza kazi Septemba 2025, bila kumsubiri mtu.

Sasa wewe uchague vipi

Kama hoja yako ni kuhusu nchi ambayo meli za mkubwa zinaingia kwenye maji yake, chukua Ufilipino ya baada ya 2022, ila chukua na ule utaratibu wa Julai 2024, bila hiyo simu ya pembeni kamera peke yake zinapandisha moto tu.

Kama nchi ina adui mwingine ambaye huyo mkubwa ndo anaweza kumtuliza, Korea Kusini ndo mfano wako, wala usiilaumu kwa kutofanana na Australia.

Kama kuna bidhaa moja ambayo mkubwa anaihitaji kuliko wewe unavyohitaji pesa yake, soma Australia, na mapema panga hela ya kuwafidia wale wadogo watakaobeba adhabu kwa niaba ya wengine.

Kama hakuna dharura leo lakini unaona utegemezi unakua, Japani ya baada ya 2010, na uanze na kitu kimoja kilicho hatari zaidi sio vyote kwa mkupuo. Korea wakati wa yurea hawakujua kabisa kwamba hicho ndo kingewakaba.

Kama siasa za nchi ni za kupinduana kila uchaguzi, epuka mtindo wa Duterte na hata wa Aquino, tafuta vitu vinavyobaki rais akiondoka: sheria, mikataba iliyoridhiwa bungeni, mitambo iliyokwisha fungwa kama ile ya Seongju.

Na kama unaandika insha au unajiandaa na mdahalo, usilinganishe wote wanne kwa pamoja utazama. Chukua Korea Kusini ya 2017 na Australia ya 2020 ukitaka kuonyesha vikwazo vya biashara vinafanya kazi wapi na vinashindwa wapi, chukua Ufilipino na Japani ukitaka kuonyesha kiongozi mmoja anaweza kugeuza nchi kiasi gani.